Plasta Juu ya Jicho Zima

Kama mtoto wako amefungwa plasta jichoni wiki hii, na mama mkwe wako amekununia, nakuandikia wewe. Elimu ya udaktari sina. Mimi nashona kofia, hapa Mji wa Kale, Mombasa, na kwa miaka mitatu na ushei nilimpeleka binti yangu Rukia kliniki ya macho mpaka nikajua benchi lipi lina msumari uliochomoza. Mengi niliyoyajua niliyajua nimeshachelewa. Afadhali wewe uyajue mapema, hata kama umechoka kama nilivyochoka mimi.

Rukia alianza makengeza akiwa hajatimiza miaka miwili. Hayakuwa makubwa. Jicho la kushoto lilikuwa likiingia ndani kuelekea puani, zaidi akiwa na usingizi au homa. Kwetu hakuna aliyeshtuka. Mama mkwe wangu, tuliyekaa naye nyumba moja Kibokoni, alifurahi hasa, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa na jicho kama hilo. "Jito la babu yake hilo," alikuwa akimwambia kila mgeni aliyeingia. "Litanyoka lenyewe akikuwa." Mume wangu Omari, ambaye alikuwa akiuza leso katika duka moja la Biashara Street, alisema mtoto mzuri hakosi alama. Mimi nilimpaka wanja pande zote mbili sawasawa, nikitumai macho yatalingana.

Hakuna aliyeuliza kama lile jicho linaona. Sote tulikuwa tukilitazama jicho, tukilijadili, tukilitafutia ukoo wake, na yule mwenye jicho hatukumwuliza kitu. Naye hakusema, maana hakujua kwamba watu wengine wanaona kwa macho mawili.

Alipotimiza miaka mitano, joto la kaskazi likiwa limeshamiri, walikuja watu wa macho katika shule yake ya chekechea na kadi zao. Mwalimu akaniita. Nilimkuta muuguzi mmoja, mwanamke mwembamba wa Kaloleni, Sista Kadzo, amepiga magoti mbele ya mwanangu. Akamfunika jicho la kushoto. Rukia akasoma kadi yote, akionyesha kwa mkono miguu ya herufi inakoelekea, juu, chini, huku, kule. Akamfunika la kulia. Rukia akageuza uso huku na huku. Kisha akanyoosha mkono kutafuta ukuta.

"Mbona kuna moshi?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na buibui langu. Miaka mitano nimemvisha, nimemlisha, nimemsuka, nami sikujua.

Sista Kadzo alinieleza polepole, kwa kuwa aliona siko sawa. Jicho lenyewe si bovu, alisema. Lakini kwa sababu limepinda, lilikuwa likileta picha yake mbali na picha ya mwenzake, na ubongo wa mtoto ukaona taabu ya picha mbili, ukaamua kulipuuza. Lile la kulia likafanya kazi yote. La kushoto likakaa bure tangu utotoni, halikujifunza kuona. "Sasa tutamvalisha miwani, na tutalifunika lile zima kwa saa sita kila siku, ili hili vivu lilazimike kufanya kazi," alisema. "Lakini ni sasa, Mama Rukia, angali mdogo. Akishafika saba, minane, huwa vigumu sana kulirudisha. Na likikataa kurudi, atakuwa mtu wa jicho moja. Siku hilo moja likipata ajali, hana jingine."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani kama mtu aliyebeba maji kichwani bila kata. Niliyamwaga yote ukumbini mbele ya mama mkwe na mume wangu.

"Hebu nifahamishe," mama mkwe akasema. "Jito bovu wamwata nalo wazi, zima walifunika?"

"Ndivyo walivyosema, mama."

"Na wewe wakubali? Mtoto yuna jito moja la kumwonyesha njia, na hilo walitia plasta? Mimi sijaona."

 Omari alisubiri tuwe chumbani, mbali na mamake. "Kama ni kupinda, si wampasue walinyooshe, yaishe?" akaniuliza. Nilimwambia nilivyoambiwa, kwamba kulinyoosha ni jambo moja na kulifundisha kuona ni jingine, na la kuona ndilo lenye haraka. Akanigeuzia mgongo. Omari si mtu mbaya. Alikuwa akiogopa, na woga wa wanaume wa nyumba ile hutoka kwa jina la hasira.

Basi tukaanza. Sijui niseme nini kuhusu plasta wakati wa joto la Mombasa ambalo wewe hutaligundua mwenyewe. Jasho huiachisha pembeni, mtoto huingiza kidole. Ukiibandua, nyusi nazo zaja. Ngozi ya chini ya jicho ikawa nyekundu, ikachubuka, nikawa naipaka mafuta ya nazi usiku na asubuhi naiosha ili plasta ishike. Rukia aligonga meza, aligonga milango, alimkanyaga paka. Siku za kwanza alilia saa zote sita, na kilio chake hakikuwa cha deko. Mtoto aliyekuwa akikimbia ngazini alikuwa sasa akizishuka kwa makalio. Vichochoro vya Kibokoni alivyovijua tangu kuzaliwa alivipita ameshikilia buibui langu kwa mikono miwili. Watoto wenzake wakampa majina ambayo sitayaandika.

Mara tatu niliporudi kutoka dukani nilimkuta Rukia macho yote wazi, plasta imebandikwa nyuma ya mlango, na mama mkwe ameshika tasbihi, anatazama pengine.

"Nimemwata apumue kidogo," alikuwa akisema. "Si kosa."

Kila baada ya wiki sita tulikwenda kliniki. Tulitoka baada ya chai, tukipita Mwembe Tayari kati ya mabasi ya bara na wauza machungwa, Rukia na plasta yake, watu wakimwonea huruma kwa sauti. Tulisubiri mpaka adhuhuri, pengine mpaka alasiri. Katika lile benchi nilijifunza kulala nimekaa. Palikuwa na mama mmoja wa Likoni na mwanawe wa kiume mwenye miwani mizito, hatukuwahi kuulizana majina, lakini aliyefika kwanza alimwekea mwenzake nafasi. Siku moja alinipa nusu ya mkate wake wa sinia. Mpaka leo nikila mkate wa sinia namkumbuka.

Sista Kadzo alikuwa ameniagiza jambo jingine. Haitoshi kulifunika lile zima, alisema, mtoto akakaa tu. Hilo vivu lipewe kazi ya karibu, achore, asome, atazame vitu vidogo.

Hapa ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya yote.

Mimi kazi yangu ni kofia za mkono. Nachora ua kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, natoboa vitundu, kila kitundu nakizungushia uzi, na kofia moja ina vitundu vya kukutoa roho. Sikuwa na nafasi ya kukaa na mtoto saa sita kumbunia michezo. Kaskazi ya pili ilipoingia Rukia alikuwa ameshaanza chuoni kwa maalim, na alikuwa na juzuu yake ndogo ya Kurani, ya sura fupi fupi. Nikaona nimepata dawa. Asome juzuu, jicho lifanye kazi, na thawabu juu. Mama mkwe alipolisikia hilo aliacha kuibandua plasta. Kwa mara ya kwanza tukakubaliana.

Kila alasiri basi Rukia aliketi mkekani karibu nami, plasta juu ya jicho la kulia, kidole juu ya mstari, akisoma. Sauti yake ilikuwa nzuri. Wiki za kwanza alisita hapa na pale, halafu akawa anateremka kama maji. Mimi nimeinama na sindano yangu nikisikiliza. Nikisikia sura imefika mwisho namwambia, "Endelea, mwanangu," naye anaendelea. Kilio kilikwisha. Nyumba ilitulia. Hata Omari alikaa siku moja akamsikiliza, akasema, "Kumbe lile jito laona!" Nilifurahi, na furaha ikanifanya nilegee. Saa sita zikawa nne. Siku za harusi na za wageni zikawa hakuna kabisa. Kliniki nayo niliiruka, maana mtoto anasoma, niende nikakae kwenye msumari kwa nini?

Miezi mitano ikapita hivyo. Kaskazi ikaisha, mvua za mwaka zikanyesha zikaisha, kusi ikashika. Rukia akatimiza miaka sita, akawa anaiendea sita na nusu. Ndipo nilipompeleka tena, nikiwa nimeshajiandalia sifa nitakazopewa.

Sista Kadzo alimpima mara mbili. Akaandika, akaweka kalamu chini.

"Hajasogea, Mama Rukia. Yuko palepale."

"Haiwezekani," nikasema. "Mtoto anasoma kila siku. Kwa jicho hilohilo."

"Kwenye ubao wa herufi haoni zaidi ya mstari wa kwanza."

"Basi ubao wenu ndio una kasoro." Nilisema kwa sauti, na benchi zima likageuka. Nikatoa juzuu mkobani, nikaifungua mapajani mwa Rukia. "Msomee Sista."

Rukia, plasta bado juu ya jicho la kulia, aliweka kidole akasoma.  Mzee mmoja wa kanzu aliyekuwa na bandeji jichoni akasema mashallah, mashallah, na mama wa Likoni akanitazama kwa macho ya kunipongeza. Sista alisikiliza mpaka mwisho wa sura.

"Naruhusiwa kukishika?" akaniuliza kwa adabu, maana yeye ni Mkristo.

"Ni juzuu, shika."

Akaichukua, akafunua kurasa kadhaa mbele, akaitazama, akamrudishia Rukia mapajani. "Na hapa, binti yangu?"

Rukia akaweka kidole, akaendelea na sura inayofuata, bila kusita hata mara moja. Sista akatabasamu, akanigeukia kama anayetaka kuomba radhi. Mimi nikainama kumwonyesha mwanangu mstari, na ndipo nikaona.

Juzuu ilikuwa imewekwa kichwa chini.

Sista hakuwa na kosa. Hajui herufi zile, asingeweza kujua juu wapi na chini wapi. Katika chumba kile watu wa kujua walikuwa wawili, mimi na yule mzee wa kanzu. Mzee aliona. Aliinamisha uso wake akajifanya anatafuta kitu mfukoni, na kwa hilo namwombea kheri mpaka leo. Rukia aliendelea kusoma, kidole kikitembea juu ya maneno yaliyopinduka, sauti ile nzuri, sura neno kwa neno kama maalim alivyowaimbisha chuoni. Alikuwa amehifadhi juzuu nzima kwa masikio.

Miezi mitano nilimsikiliza na sikumtazama.

Nilimwambia Sista mwenyewe. Ilikuwa vigumu kuliko kuzaa. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, "Nyumbani wewe wafanya kazi gani?"

"Nashona kofia."

"Kwa sindano?"

"Kwa sindano."

"Basi mpe sindano. Tundu la sindano halihifadhiki."

Njia nzima ya kurudi nililia ndani ya buibui. Rukia aliniuliza mara moja tu, "Mama, nimesoma vibaya?" Nikamwambia hapana, umesoma vizuri sana. Nilikuwa nahesabu kichwani miezi iliyobaki kabla ya kufika saba.

Tulianza na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na uzi wa katani. Siku nne hakuupitisha. Alikuwa akiupeleka uzi pembeni kabisa, hewani, kwa imani kwamba tundu liko pale. Nilikuwa nimekaa mbele yake, kofia nimeiweka kando, namtazama usoni. Jicho la kushoto lilihangaika kama mtu aliyeamshwa usingizini na kuulizwa swali. Alijichoma vidole. Mama mkwe alitoka chumbani akamkuta na damu, akapiga kelele majirani wakasikia.

"Wamtesa mjukuu wangu! Zamani alikuwa akisoma chuo, nyumba ina baraka, leo wamtia sindano?"

Nilimweleza habari ya juzuu kichwa chini. Nilidhani atanicheka, au atasema ni uongo. Alikaa kitako kwenye ngazi, polepole, na tasbihi yake ikaacha kusogea. 

"Babu yake," akasema, "alikuwa akinimiminia kahawa nje ya kikombe. Miaka yote. Nikimwambia n'mzembe."

Hakuibandua tena plasta. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa akiibandika, na akibandika haitoki.

Siku ya tano uzi ulipita kwenye shazia. Tulipiga vigelegele, mimi na yeye na nyanya yake, mpaka Omari akapanda ngazi mbio akidhani kuna posa. Halafu tukateremka, sindano ndogo, na ndogo zaidi. Saa sita zikarudi kuwa saa sita, wageni waje wasije. Ramadhani ile alikaa na plasta yake akinitungia uzi nyumba nzima ikiwa imelala saumu. Ruhusa niliyompa ni Idi peke yake. Alivaa gauni jipya, tukaenda ufukweni Mama Ngina, akala mihogo ya pilipili macho yote mawili wazi, akakimbia kama watoto wengine. Nilimtazama nikatamani niitupe ile plasta baharini. Asubuhi yake nikaibandika.

Sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Kuna wiki alisogea mstari mmoja na wiki tatu asisogee. Nami kofia zangu zilichelewa, mgongo uliniuma, nikawa mkali kwa kila mtu. Kuna siku nilimpiga kofi kwa kuibandua, kisha nikaenda jikoni nikajipiga mimi. Omari akaanza kumpeleka yeye kliniki kila mara ya pili. Alirudi siku ya kwanza amechoka taabani, suruali imetoboka nyuma.

"Lile benchi lina msumari," akasema.

"Najua," nikasema. Tulicheka, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Alipofika miaka minane akapasuliwa, misuli ya jicho ikarekebishwa, likanyooka. Ndugu na majirani walikuja na sahani za kaimati kunipongeza. Amepona, walisema, mashallah, hata haonekani. Niliwashukuru wote. Hawakujua kwamba kilichonyooka siku ile ni sura tu, na kwamba la kuona tulikuwa tumeshalihangaikia mkekani, tundu kwa tundu.

Kusi ya mwaka ule ilipoisha, Sista Kadzo alimpima mara ya mwisho. Jicho la kulia linasoma ubao mzima. La kushoto linafika katikati. "Hapa ndipo tulipofika," alisema. "Sidhani litakwenda zaidi." Sikumwuliza ile miezi mitano ingetufikisha wapi. Yeye naye hakuniambia. Rukia mpaka leo akimimina chai huigusisha birika kwenye ukingo wa kikombe kwanza ndipo ainamishe, na mpira ukirushwa humpiga.

Tuliporudi nilimkalisha mkekani, alasiri ileile, pahali palepale. Nilikuwa na swali nililolifuga miaka miwili.

"Wakati ule wa juzuu," nikamwuliza, "ulijua kwamba huoni maneno?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Alifikiri. "Nikisoma ulikuwa huhangaiki," akasema. "Ulikuwa ukishona umetulia. Nilitaka upumzike."

 Nilinyanyuka nikaitoa ile juzuu kabatini, kuukuu, jalada limeachana. Nilimwambia afunike jicho la kulia kwa kiganja. Nikaifungua katikati, nikampa kichwa chini.

Rukia aliitazama kwa lile jicho la kushoto. Akakunja uso. Kisha, kwa mkono mmoja, akaigeuza.

"Mama, wewe nawe," akasema, akaweka kidole kwenye mstari, akaanza kusoma, na neno la tatu likamkwama. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake nikitazama kidole chake. Nilingoja mpaka akalipata.